Ijumaa Nilipotia Sahihi Jua Likizama

Wanaonikuta nikichuna majani ya chai huku Nyacheki hudhani sikio langu la kushoto liliharibiwa na ugonjwa. Liliharibiwa na kisima cha mafuta, kule kaskazini. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini nani alifanya nini ninajua, na nitasema.

Juu ya mdomo wa kisima hukaa mtambo wa chuma, mrefu kumpita mtu. Sisi tuliuita biopi. Ndani yake mna mipira minene inayobana bomba la kuchimbia, ili gesi ikipanda kwa nguvu kutoka chini ikute mlango umefungwa. Isipokuta hivyo, mnara wa kuchimbia unaruka na nyinyi mkiwa juu yake. Kuupima, mnafunga mpira, mnasukuma maji chini yake, halafu mnatazama mshale wa geji, kile kipimo cha nguvu ya maji. Ukitulia, mpira ni mzima. Ukishuka, unavuja.

Kutazama mshale na kutia sahihi ilikuwa kazi yangu. Na mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama sigusi kazi mpaka Jumamosi lizame tena. Jumamosi zangu alizishika mwenzangu, fundi Mjaluo, Mkatoliki, nami nikashika Jumapili zake. Alikuwa ameoa Marani, kwetu Kisii, kwa hiyo tuliitana shemeji, na mbele ya watu alipenda kusema kwamba Mkisii akikosa ndizi wiki mbili husahau jina lake.

Msimamizi wa zamu aliijua Sabato yangu vizuri. Ijumaa hiyo alichelewesha kipimo mpaka jua likagusa vilima. Kubadilisha mpira kungesimamisha uchimbaji siku nzima, na mkubwa wake wa ofisini hakutaka kusikia habari ya kusimama. Mshale ulikuwa unashuka, polepole, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Akaniletea fomu.

"Weka sahihi, Msabato. Jua lako hilo linaondoka."

Nikaweka. Nilijiambia mshale utatulia tu. Nikaenda kuoga, nikafungua Biblia, nikajiona msafi.

Kesho yake shemeji aliiangalia ile fomu, akapima upya bila kumwuliza mtu. Mshale ukashuka. Msimamizi akamwambia sahihi imeshawekwa, aachane na mambo ya jana. Shemeji akamwita mchimbaji mkuu, yule anayeshika mikono ya mitambo, aje aone geji kwa macho yake. Aliona, akakataa kuzungusha bomba. Wakabadilisha mpira. Jumapili mimi ndiye niliyebeba ule wa zamani kwenda kuutupa, na mpasuko wake ulikuwa mpana, vidole vyangu vinne viliingia.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, matope ya kuchimbia yalianza kurudi kutoka kisimani mengi kuliko tuliyosukuma ndani, maana gesi ilikuwa inapanda. Mchimbaji mkuu akafunga biopi. Chuma kilinguruma chini ya buti zetu, na mpira mpya ukashika. Gesi iliyoelekezwa kwenye bomba la kuchomea kando ilipiga ukelele, nami nilikuwa karibu nalo. Sikio likaenda hapo. Jioni majina yaliposomwa, kila mtu aliitikia.

Msimamizi alipandishwa cheo. Shemeji alinyimwa mkataba mpya, eti ana ubishi. Kwa hiyo wenye makosa ni watatu: msimamizi, mkubwa wake wa ofisini, na mimi.

Sasa shemeji anachomelea milango na mageti Kisii mjini. Jumapili moja nilimpelekea mkungu wa ndizi, nikamwambia nililoficha miaka yote: kwamba nilitia sahihi nikiona mshale unashuka.

Aliendelea kumenya ndizi.

"Najua, shemeji. Mwandiko wako wa siku hiyo ulikuwa unakimbia. Ndiyo maana nilipima."

"Na hukuniripoti?"

"Wakufukuze? Jumapili zangu angezishika nani?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea. Alinipa kikombe cha chai, akageukia geti lake ili asinitazame.

Watoto wangu wameshazoea kuniita kutoka upande wa kulia, na kila wakiniita nashukuru kwamba baba wa kuitwa yupo. Siku ya Ijumaa naweka kapu chini saa nane, jua likiwa bado juu kabisa, nisije tena kumaliza kitu kwa haraka ya kuwa msafi. Majirani wanasema nimekuwa mvivu. Waseme. Jumapili ndizi zinakwenda mjini kwa shemeji.