Nilinakili karatasi ya kilio cha baba yangu kwa kompyuta ya DOS, na mpaka leo najuta

Wakuu, salamu kwenu nyote kutoka Lubumbashi.

Hii si chai. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi ya hii niliyoishi. Kiswahili changu mkivumilie, huku kwetu tunakichanganya na Kifaransa tangu utotoni.

Huku msiba tunauita kilio. Kabla ya kwenda kuzika, mtu mmoja anasimama na kusoma karatasi ya maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Pale kwetu Makomeno, mwandishi wa karatasi hizo kwa mitaa kadhaa alikuwa baba yangu. Mtu akifiwa, watu wanakuja kwa Papa na kiti chao, wanasimulia, yeye anaandika.

Alikuwa anaandika kwenye kompyuta ya zamani ya DOS. Ofisi alikokuwa karani ilipobadilisha mashine, walimwachia ile kuukuu. Haina mouse. Haijui flash. Ukiiwasha inakuja skrini ya bluu yenye madirisha mawili ya mafaili, kushoto na kulia, na kila kitu unafanya kwa vidole.

Jina la faili kule halizidi herufi nane. Kwa hiyo marehemu wenye majina marefu wote Papa aliwakata. Nusu ya mtaa imelala mle ndani bila mkia wa jina.

Na karatasi yake mwenyewe aliiandika. Alisema watu wa kilio wanadanganya sana, mlevi anakuwa mtakatifu, yeye hataki. Kila jambo likibadilika nyumbani, mjukuu akizaliwa au mtu akihama, anafungua faili lake, BABA.TXT, anarekebisha.

Sasa nifike kwangu.

Niliacha ndoa ambayo Papa aliibariki. Sitaeleza sababu, wenye kujua wanajua. Alikasirika, akasema mbele ya ndugu: "Miye siko na ule mutoto tena." Na mimi nimerithi kichwa chake kigumu. Nikahamia Bel-Air, miaka saba hatukusemezana. Mji ni huuhuu mmoja, wakuu. Miaka saba.

Alipoanza kuugua ndipo nikarudi. Sikuomba msamaha, na yeye hakuomba. Nilipika bukari, ugali wetu wa huku, akala, akasema chumvi imezidi. Nikajua tumepatana. Lakini yale maneno ya mbele ya ndugu hakuna aliyeyafuta, na yalikuwa yananiuma kila siku.

Mwaka jana akalazwa. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ila maneno yalikuwa yanatoka, polepole. Siku moja mchana akaniita karibu.

"Mado, karatasi yangu ya kilio iko mu ordinateur. Weye ndiye utasoma. Kipande yako nilisha kuibadirisha."

Wakuu, nilitoka nje ya wodi nikalia kwenye korido hadi nesi akaniuliza kama mgonjwa amekufa.

Nilitaka kile kipande kuliko kitu chochote cha baba yangu. Nyumba wachukue, viti wachukue.

Basi, ili niikopi karatasi kwenye disketi ikachapwe mjini, akanifundisha ile programu pale kitandani, kwa mkono mmoja mzima, akigonga shuka kana kwamba ni kibodi. Tab ni ya kuhama dirisha. F3 ni ya kusoma. F5 ni ya kukopi. F8 inafuta, hiyo usiiguse kabisa. Niliandika yote kwenye daftari.

"Mbele ya F5, uangalie mwanga iko upande gani," akasema. "Kwenye mwanga iko, ndiko vintu vinatoka."

Mwanga ni ule mstari unaong'aa juu ya jina la faili. Nikamwambia nimeelewa.

"Na F3 usibonyeze. Muntu hasomewake kilio yake angali anapumua."

Hiyo ni desturi yetu. Ukisoma karatasi ya mtu aliye hai ni kama unamharakisha. Nikaapa sitasoma.

Nikaenda Makomeno, nikawasha mashine. Kwanza kabisa nikagombana na kibodi: ukibonyeza A inakuja Q, kwa sababu haikuwekewa Kifaransa. Nikacheka peke yangu, nikikumbuka Papa miaka yote anaandika bila kuangalia vidole.

Kwenye droo nikakuta disketi moja tu. Nikaichomeka, nikaifungua kwenye dirisha la kulia. Nayo ilikuwa na BABA.TXT yake, kopi ya zamani. Kwa vile mimi ni mgeni wa haya mambo, kila ninachokiona nilikiandika: kushoto, kwenye mashine, BABA.TXT 4206. Kulia, kwenye disketi, BABA.TXT 2914. Ni idadi ya herufi, hivyo ndivyo inavyopima.

Nikabonyeza Tab, nikaenda kulia kuangalia kama disketi ina nafasi. Ina nafasi.

Umeme ukaanza kuchezacheza, taa inafifia inarudi. Nikaogopa mashine itazimika. Nikabonyeza F5. Kisanduku chekundu kikauliza kwa Kifaransa: faili hili lipo tayari, libadilishwe? Nikawaza, si ndiyo, libadilishwe lile la zamani. Enter.

Nikatoa disketi, nikazima, nikaenda hospitali kumwambia kazi imekwisha. Akanishika mkono. Baada ya siku tisa alifariki.

Asubuhi ya mazishi nikapeleka disketi katikati ya mji, kwa fundi mwenye kisomeo chake. Akanichapia. Nikaanza kusoma palepale kaunta, maana sasa iliruhusiwa.

Kazi yake ipo. Mama yetu marehemu yupo. Halafu: "Anaacha batoto batatu." Majina: Ferdi kaka yetu mkubwa, na wadogo zangu wawili.

Sisi tuko wanne.

Nilisoma mara tatu. Nikageuza karatasi nyuma, nyeupe. Fundi akaniuliza kama wino umekosea, nikamwambia hapana, wino haukukosea.

Wakuu, nilimchukia baba yangu. Nasema wazi. Niliona amenidanganya kitandani ili apate wa kumuuguza, na mbaya zaidi, amenichagua mimi nisome kwa mdomo wangu kwamba sipo. Ningeweza kuongeza jina langu kwa kalamu. Ferdi ningeweza kumwonyesha mapema. Sikufanya. Nilisema ameandika, basi watu wasikie alivyoandika.

Nikasimama mbele ya jeneza na umati wote wa Makomeno, nikasoma kwa sauti. "Anaacha batoto batatu." Nikawataja wale watatu mmoja mmoja, taratibu. Niliona mashangazi wanaangaliana.

Ferdi akasimama kwenye kiti chake. "Ni bane!" akapaza sauti. "Papa iko na batoto bane! Mado si ule anasimama pale!"

Mama mmoja jirani akaitikia, bane, halafu wengine, bane, bane. Mimi nikakunja karatasi, nikakaa. Sikulia kabisa siku ile.

Wiki mbili baadaye nikaenda kuisafisha mashine ili iuzwe kwa fundi wa vipuri. Nikaiwasha, nikaichomeka disketi, kwa mazoea tu.

Kushoto BABA.TXT 2914. Kulia BABA.TXT 2914.

Nikatoa daftari. Mwandiko wangu mwenyewe: kushoto 4206. Chini yake nimeandika hatua zangu kwa mpangilio: Tab, naangalia nafasi, F5, Enter. Tab moja tu. Sikurudi. Mwanga ulikuwa kulia, na vitu vinatoka kwenye mwanga.

Ile disketi aliijaza miaka ile hatusemezani. Mimi niliichukua hasira yake ya zamani nikaiweka juu ya neno lake la mwisho, kisha nikaenda kumsomea mbele ya watu.

Ndipo nikalia. Nililia hadi nikakosa sauti.

Nimewapelekea mafundi watatu. Wote wanasema faili lililofutwa huenda likapatikana, lililoandikiwa juu ni bahati kubwa, na bahati hiyo sikuipata. Mashine sijaiuza.

Nililojifunza: kama mzazi wako ana maneno kwenye mashine ya zamani, au simu, au popote, mwambie akusomee mwenyewe angali hai. Desturi ninaiheshimu, ila siku ile heri ningebonyeza F3, nikaomba radhi baadaye. Na kabla ya kukopi, angalia unatoka wapi.

Mwezi ujao tunaondoa kilio, yaani tunamaliza matanga, ndugu wote watakuwepo. Ferdi bado anaamini Papa alikufa na kinyongo, na mtaa mzima unaamini hivyo, kwa sababu ya mdomo wangu. Nitasimama tena niseme kosa ni la kidole changu. Nitakwenda na daftari.

Ninachowaomba, waliowahi kukosea marehemu: mlianzaje kusema? Na anayejua njia ya kufufua faili la DOS, tafadhali aandike hapa hata kama ni ya kubahatisha. Wa kunisuta pia karibuni, nitasoma zote.

4206 toa 2914 ni herufi 1292. Najua si zote zilikuwa zangu, kuna wajukuu waliozaliwa katikati. Lakini hata kama aliniwekea jina tu, lingenitosha.