Siku Generose Alipotafuna kwa Niaba ya Wote

"Miye Generose nitafungua soko hili, na hakuna mukono utaingia mu kitunga!" Aliyasema hayo mbele ya kijiji kizima cha Makobola, na Makobola nzima ikacheka, maana mwanamke huyo alikuwa hajawahi kufungua kitu isipokuwa mdomo.

Ulikuwa mwaka wa 1965. Uhuru una miaka mitano, uasi una mmoja. Mbele ziwa linalindwa na jeshi la serikali, nyuma mlima, kushoto na kulia bunduki: kijiji kimekuwa kisiwa. Humo ndimo kuhara damu kulimoingia. Komanda Protais, mkubwa wa waasi pale, akafunga soko ili ugonjwa usienee. Ndagala, dagaa wa ziwa hilo, zikarundikana ufukweni, maharage yakabaki mlimani, na watoto wa Generose, muuza ndagala, wakala samaki mtupu hadi wakaanza kumtazama mama yao kama paka.

Ugonjwa ulipita njia ya desturi. Pale mtu hanunui ndagala kabla ya kutia mkono kitungani, kutafuna moja, kulamba vidole, kisha kuhamia kitunga cha jirani. Ukimkataza kuonja, umekiri samaki wako wameoza.

"Nakupa soko moja," Protais alimwambia. "Mukono mumoja ukiingia, nafunga mpaka vita iishe."

Generose akafunga kamba kati ya wauzaji na wanunuzi, akawapa wauzaji kata za mpini mrefu za kupimia, akatangaza: muuzaji ataonja zake mwenyewe, mnunuzi atasoma uso wake. Yeye alitafuna tangu asubuhi, macho kayafumba, akiguna kwa utamu. Watu walicheka, wakanunua.

Ndipo Mama Consolate, mteja wake wa siku nyingi kutoka mlimani, akainama akapita chini ya kamba.

"Weye Generose, nanunua hapa tangu mama yako iko hai. Leo unaninyima ndagala moja?"

"Mama, angalia uso wangu. Haujui kuficha kitu, uliza bwana yangu."

"Uso hauna chumvi!" Consolate akanyoosha mkono.

Protais alikuwa akitazama. Kumpiga mama wa watu, mwenye mvi, hadharani? Generose akamtwanga vidole kwa kata kabla havijaingia kitungani. Paa!

Consolate akavipuliza vidole.

"Hata mama mukwe hakunipiga hivi," akasema. "Mwenye kulinda samaki hivi, samaki yake iko safi. Nipimie!"

Kicheko kilifika ziwani. Hakuna mkono mwingine ulionyooshwa, na Protais akaruhusu soko la juma lililofuata, na la baada yake, hadi kuhara kukaisha. Generose alirudi nyumbani na maharage kichwani, kwa njia ndefu kuliko zote, ili waliomcheka wamwone.

Siku ile sahani moja ya ndagala ilibadilishwa kwa sahani mbili za maharage.