Bi Mwanatumu na Gemu Isiyokwisha

Bi Mwanatumu alijua macho yake yameharibika siku Bwana Jaafar aliporudisha kofia aliyomshonea. Hakuja kugomba, la. Bwana Jaafar ni mtu wa adabu zake. Alivua viatu mlangoni, akakaa, wakaulizana hali, akanywa kahawa yote, ndipo akaitoa kofia na kuiweka mkekani taratibu.

"Bi Mwanatumu," akasema, "pana kitobo kimoja hapa pembeni hakikuzungushiwa uzi. Huenda ulighafilika."

Kughafilika! Mwanamke aliyeshika sindano tangu ana miaka kumi na miwili, kule kwao Siyu, hata akaolewa huku Amu akaja na sindano yake! Kofia ya mkono ina vitobo mamia, na kila kimoja hutobolewa, kikazungushiwa uzi mpaka ukingo wake usimame. Kazi ya miezi. Mamake alimpa sharti moja tu: kitobo hakirukwi. Hata mvaaji asipokiona, hata dunia nzima isipokiona, hakirukwi. Miaka arobaini na tano hakuruka hata kimoja. Siku ile aliinama kukitafuta, asikione. Bwana Jaafar akamwekea ncha ya kidole penyewe. Bado hakukiona. Aibu ilimshika kabla ya hofu.

Mfungo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, walikuja madaktari wa macho, wakapiga kambi siku tatu. Daktari mmoja kijana, binti wa bara aitwaye Nerea, alimtazama kwa vyombo vyake, akamtazama tena, kisha akamshika mkono. "Mama, hii ni presha ya macho. Ilianza zamani, na haina maumivu. Hula pembeni kwanza, ikabakisha katikati. Kilichokwenda hakirudi."

"Na kilichobaki, ni cha muda gani?"

Daktari alizungusha maneno. Bi Mwanatumu akamshikilia mpaka akasema: labda miezi sita, labda zaidi, kila mtu na jicho lake. Akampa dawa ya matone ya kuchelewesha.

"Basi nifanyeni, mwanangu?"

"Weka dawa bila kukosa. Na utazame unavyovipenda, mama."

Sasa msinicheke nikiwaambia Bi Mwanatumu alikuwa akipenda nini. Gemu. Naam, hizi hizi za kwenye televisheni, mwanamke wa miaka hamsini na saba, buibui lake liko msumarini na tasbihi yake i mapajani. Aliyemtia humo ni Rawiya, bintiye wa pekee, aliyebaki naye tangu babake afe. Zamani mama alikuwa akimgombeza: "Zima lidude hilo, mtana kutwa!" Mpaka siku moja Rawiya akamtilia vile vitufe mikononi, akamwambia, "Jaribu tu, Mama." Vidole vilivyozoea sindano havikupata taabu. Wiki haikwisha, mama ndiye aliyekuwa akiulizia.

Gemu ya kwanza kumaliza ilikuwa fupi. Mzee anavuka nti kavu ya mawe na mbwa wake, basi. Aliianza baada ya adhuhuri, na muadhini alipoadhini alasiri mzee alikuwa keshafika na mbwa keshalala. Bi Mwanatumu alikwenda kutawadha huku akilia. Mwaka mzima baadaye angeweza kukusimulia jiwe kwa jiwe, na sijui wangapi wetu tunakumbuka hivyo hata safari zetu wenyewe.

Gemu ya pili aliachiwa na Rawiya alipokwenda Doha, Mfungo Mosi, kwa mkataba wa miaka miwili katika hoteli. Ilikuwa ya msichana anayefuata mto kupanda juu milimani, akimtafuta mamake aliyepotea. "Mimi nimeimaliza," Rawiya alisema siku ya kuondoka, mkoba begani. "Mwisho wake sikwambii hata unibembeleze. Uuone kwa macho yako mwenyewe. Kisha tutauzungumza, mimi nawe. Ahadi?"

"Ahadi."

Basi ahadi ile ndiyo iliyomkaa Bi Mwanatumu rohoni aliporudi kutoka kwa daktari. Rawiya hakuambiwa neno. Aambiwe ili iweje? Avunje mkataba, arudi kukaa na kumshika mamake mkono? Alijiambia: nitauona mwisho kwa mato yangu, tutauzungumza kama tulivyoagana, kisha giza lije lijavyo. Akaacha sindano, akashika vitufe.

Na hapa ndipo ninapoona uchungu, maana mimi nampenda mwanamke huyu.

Gemu ile ilikuwa na ramani, na ramani imejaa alama za manjano. Kila alama ni kijikazi. Mkulima amepoteza mbuzi wake, mtafutie. Mwanamke anataka manyoya ya ndege, mletee thelathini. Ukimletea, mumewe naye anataka ya rangi nyingine. Bi Mwanatumu Kiingereza hakijui; kazi hizo alizitambua kwa picha na tarakimu zake. Alichokijua ni vitobo. Alipoiona ile ramani na zile alama wazi, mkono wake wenyewe ulikataa kuziruka. Hakuna aliyemwambia aziruke, na lau angeambiwa, sijui kama angesadiki. Kitobo hakirukwi.

Hamdun, mwana wa nduguye, fundi simu mwenye duka lake mtaani Langoni, alikuwa akipita kumwekea dawa. Akitazama kioo akisifu. "Shangazi, wewe ni noma! Masaa themanini, na bado kuna mengine. Hizi ndizo gemu za maana, si zile za mtu kumaliza kabla chai haijapoa. Hii inakupa."

"Inanipa," Bi Mwanatumu alijibu. Alikuwa akiamini. Kofia ya miezi minne si bora kuliko kofia ya mashine ya nusu saa? Hakufikiri wakati ule kwamba kofia, hata ichukue muda gani, haizidi kichwa cha mvaaji. Mshonaji mzima, na hilo halikumjia.

Maulidi yakafika, Mfungo Sita, mji ukajaa wageni, ngoma za matwari zikasikika mpaka chumbani kwake. Mwaka ule hakutoka. Majirani wakasema Bi Mwanatumu amepatwa na nini? Alikuwa akitafuta manyoya. Pembeni mwa macho mlikuwa mmeshaingia kiza, hata vikombe alikuwa akivigonga. Rawiya akipiga simu ya video kila Ijumaa, mama akiizima ile picha, ikabaki sauti tu. "Mtandao mbaya, mwanangu. Sema tu, nakusikia." Alichelea Rawiya asimwone anavyopapasa. Na, tuseme kweli, alikuwa na haraka ya kurudi kwa mkulima na mbuzi wake.

Rajabu ilipoandama, kilichobaki kilikuwa kama kitobo kimoja cha kofia, katikati kabisa, nacho kikianza kuingia ukungu. Alasiri moja Hamdun alimkuta amekaa mbele ya televisheni, vitufe vimelala mapajani.

"Vipi, Shangazi?"

"Simwoni tena msichana. Namwona kichwa, nikimtafuta miguu kichwa kinapotea." Akaipapasa simu, akampa. "Hamdun, nipigie Rawiya. Nataka kumwambia."

Hamdun akapiga, akaiweka simu mkekani. Bi Mwanatumu akamweleza mwanawe yote, tangu kofia ya Bwana Jaafar. Alieleza kwa utulivu, kama anayesimulia ya mtu mwingine. Upande wa pili kikazuka kilio, kisha, "Mama, kwa nini? Kwa nini hukunambia?"

"Nilitaka niuone mwisho kwanza. Tuliahidiana. Nimejitahidi, mwanangu, wallahi nimejitahidi. Zimebaki alama kumi na tisa tu."

"Alama gani?"

"Za manjano. Za kwenye ramani."

Kilio cha Rawiya kilikatika. "Mama," akasema polepole, "hizo si lazima. Mimi sikufanya hata moja. Unafuata mto tu. Ungaliufuata mto, siku nne ungalikuwa umefika."

Hamdun aliinamisha kichwa. Bi Mwanatumu akamgeukia, ingawa alichokiona ni kifungo cha shati lake.

"Wewe ulijua?"

"Shangazi, nilijua si lazima. Nilidhani... nilidhani unafurahia. Watu huzipenda. Masaa mengi ndiyo..."

"Masaa mengi!" Kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mume, Bi Mwanatumu alipaza sauti. "Masaa mengi ya nani, Hamdun? Watu hao walioitengeneza walidhani mimi nina mato mangapi? Miezi sita Mola kanipa, nimewatafutia watu wa uongo mbuzi zao! Manyoya! Nimekusanya manyoya!" Akafunika uso kwa ukingo wa leso. Hamdun akabaki kusema "nisamehe, nisamehe," na wala haikuwa kosa lake peke yake, masikini. Aliyefanya kosa hasa ni yule mshonaji bora aliyefunzwa vyema na mamake.

Alilia mpaka akachoka. Rawiya alikuwa bado yuko pale simuni. "Mama, sikia. Hamdun yuko. Nitamwelekeza ndia, afuate mto, mwisho uko karibu tu. Ukae karibu na kioo, utauona hata kidogo kidogo. Au nikusimulie mimi? Nikwambie kama anampata mamake?"

Bi Mwanatumu alifuta uso. Alikuwa akifikiri, na lililomjia lilimchoma kuliko manyoya yote: tangu Mfungo Nne hakuwa ameutazama uso wa mwanawe. Alikuwa nao kila Ijumaa, mkononi, akiuzima.

"Usinambie," akasema. "Hamdun, zima hiyo televisheni. Rawiya, washa picha."

"Mama, niko kazini, nimevaa sare, sikujipamba..."

"Washa."

Picha ikaja. Bi Mwanatumu akaileta simu karibu, karibu, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo, akakifuta kwa leso. Uso mzima haukumwenea machoni. Akaanzia juu, pale nywele zilipochomoza chini ya ushungi, akaisogeza simu kwa upana wa ukucha, akatua. Akasogeza tena. Paji la uso. Kovu la tetekuwanga juu ya nyusi, alilokuwa ameshalisahau. Jicho, limevimba kwa kulia.

"Mama, mbona waisogeza simu hivyo?"

"Tulia, mwanangu. Una haraka gani?"

"Sina, Mama. Sina haraka."

"Umekonda." Akasogeza. Pua ya babake. Mdomo. Kidevu. Akarudi juu, upande wa pili, akashuka tena polepole, na Hamdun alimwona akiitikia kwa kichwa kila anapotua, kama anavyofanya akimaliza kukaza uzi.

"Geuka kidogo kuliani," akasema. "Hapo chini ya sikio sijapita."

Rawiya akageuka, akatulia, na mamake akapita.