Fundi wa Kofia na Meli Iitwayo Mpole

Kofia zote za kambi ile ya wanamaji zilipitia mikononi mwa fundi mmoja mfupi, mwenye sindano mdomoni muda wote, ambaye mabaharia walimwita Pindo. Usidhani kofia ya baharia ni kitambaa tu. Ina utepe mweusi wenye jina la meli, utepe una fundo, na fundo lina mahali pake, juu ya sikio la kushoto. Jina mbele, fundo kando. Kuna watu wenye vyeti vyao wameelezwa jambo hili wakabaki midomo wazi, kwa hiyo lishike.

Sasa, wakubwa wa kambi walishindwa kuipa jina meli mpya ya doria. Mmoja alitaka Radi, mwingine Chui, wakavimbiana mpaka wakawa hawasalimiani kwenye ngazi. Ili yaishe, wakaweka kisanduku bwaloni, kila mfanyakazi atumbukize jina, karatasi moja itolewe. Ikatoka: Mpole.

Aliyeandika Mpole alikuwa Pindo. Hakumwambia mtu. Aliona bahari ina hasira za kutosha. Meli ya kwenda kumvuta mvuvi aliyeharibikiwa injini iongeze hasira za nini? Akazishona tepe za Mpole kwa herufi za dhahabu, huku akijichekea peke yake.

Haukupita muda, kofia zikaanza kurudi. Baharia wa kwanza alitaka fundo lihamie mbele, juu ya jina.

"Sikio linaniwasha, fundi."

Wa pili akasema fundo linampigia kelele upepo ukivuma. Wa tatu aliisukuma kofia mezani huku akitazama sakafu. Pindo akajikuna kichwa. Ugonjwa gani huu wa masikio unaoshika meli moja?

Jibu aliletewa na mpwa wake, aliyemlea tangu dada yake alipofariki, na ambaye sasa alikuwa baharia wa Mpole. Kijana akaitupa kofia juu ya cherehani.

"Mjomba, ile meli ya Kifaru inahamishiwa kambi ya mbali baada ya gwaride. Nimeomba niende nayo."

"Si ndio haohao mnaogombana nao kila siku?"

"Bora niwe upande wa wanaocheka. Wakituona baharini wanaita kwenye redio, 'Mpole, mpenzi, tupishe kama hutajali.' Tukifunga gati wanaturushia mito ya kulalia. Watu hawana hamu hata ya kufagia sitaha."

"Lakini si jina tu?"

"Jina tu! Nikimpata aliyelitoa, nitamfunga nanga nimshushe akawapoze samaki."

Pindo akameza mate, nusura na sindano ipite humo humo.

"Na jina likibadilika?"

"Likibadilika nabaki. Tushonee tepe za Radi kimyakimya. Tukizivaa wote, wakubwa watafanya nini?"

Pindo akashona. Wewe ungefanya nini? Kijana akiondoka, nyumbani angebaki yeye na cherehani, na cherehani haijui kumwita mtu mjomba.

Asubuhi akapeleka mfuko melini. Mabaharia waliurukia kama wana njaa, wakazitoa tepe, wakazigeuzageuza. Kisha kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Vaeni basi," Pindo akasema.

"Anza wewe," mmoja akamsukuma jirani yake.

"Mimi? Nina watoto, bwana."

Serahangi, msimamizi wa sitaha, jitu lenye sauti ya kubomoa mlango, akaingilia. "Meli iliyokwisha kushushwa majini haibadilishwi jina! Ni mkosi!"

"Kwa hiyo Mpole mnalitaka," Pindo akasema.

"Hatulitaki!"

"Basi niwaachie hizi?"

"Ondoa mikosi yako hapa!"

Kichwa cha Pindo kikamzunguka. Hawalitaki jina, hawataki kulibadilisha, na mpwa wake amesimama pale amekunja uso, macho yakiwa kule kwenye gati ya Kifaru. Pindo hakujua hata maneno yalivyomtoka.

"Jina nililitoa mimi."

Mpwa akageuza shingo.

"Wewe, mjomba?"

"Mimi, mwanangu."

"Kwa nini?"

Akafungua mdomo aeleze ile habari ya bahari na hasira zake. Dukani kwake ilikuwa na akili kabisa. Mbele ya wanaume wale ikawa haina mbele wala nyuma.

"Nilidhani mtafurahi," akasema.

Serahangi akaamuru kamba zifunguliwe. "Tunakwenda kupima injini, na fundi hashuki. Atayasikia maneno ya Kifaru kwa masikio yake."

Ndugu yangu, mtu aliyewavisha mabaharia wa kambi nzima hakuwahi kuvuka gati. Hata hawajaupita mnara wa taa, rangi imemtoka. Redio ikakoroma.

"Mpole, Mpole, hapa Kifaru. Mawimbi hayajakuumiza, mpenzi?"

Serahangi akamkabidhi Pindo kinasa sauti cha redio. "Jibu. Jina ni mtoto wako."

"Kifaru... hapa Pindo."

"Nani?"

"Fundi. Kofia zenu za gwaride ziko kwangu. Zote. Nilikuwa nazimalizia, sasa mikono inatetemeka, naona zitachelewa. Au nizitie maua? Sijui. Nyie mnasemaje?"

Redio ikakwaruza. Kisha ikaja sauti nyingine, yenye adabu zake.

"Mpole, hapa Kifaru. Safari njema. Shikamoo, fundi."

Meli nzima ikalipuka. Watu walipiga vyuma kwa viatu, serahangi akacheka mpaka akajishika mbavu. Pindo hakuelewa kama ametisha watu au ameomba msaada. Alikimbilia ukingoni. Mpwa akamdaka mshipi.

"Si upande huo, mjomba, upepo utakurudishia! Huku!"

Pindo akatapika upande aliogeuziwa. Alipopata pumzi akauliza, "Bado unakwenda na Kifaru?"

"Atanipokea nani, na wewe umeshaniharibia?"

Pindo akamtazama usoni, ajue kama amesamehewa au amelaumiwa. Kijana alikuwa anauma midomo, pengine kwa hasira, pengine kwa kuzuia kicheko. Kabla hajamaliza kuutafuta ukweli usoni pale, wimbi likaja, ikambidi aigeukie tena bahari, mkono wa mpwa ukiwa bado umeng'ang'ania mshipi.