Kiti mu biro ya dokta

Mu ile myaka sendika ya bantu beusi, chama ya batumikaji, ilikuwa ingali mupya mu Élisabethville, mi nilikuwa natumika ku lopitali: kuosha bagonjwa, kubadilisha mashuka, kubeba maiti. Masomo yangu ilikuwa kidogo sana, lakini Kifaransa nilikuwa nasikia, juu ya kukaa karibu na bamasere, bale batawa bazungu. Njo bantu ya sendika balinichagula nibasemee.

Shida ilikuwa sabuni. Tulikuwa nashika bagonjwa ba kifua, kisha tunanawa na mayi tupu. Na saa sita siye bote ba ile sale ya bagonjwa tulikuwa nakula mu besani moya. Sombe ya muke wangu, majani ya mihogo, balikuwa naisifu, ata kama ilikuwa na chumvi mingi, Mungu amurehemu, ile chumvi alirisi ku mama yake... Narudia ku mambo ya sabuni. Mwenzetu mumoya akaanza kukohoa. Njo tulikasirika.

Tulipatana hivi: nitasema nikiwa nimesimama, bengine bangojee inje, ku dirisha. Hatuendi kuomba, tunaenda kudai.

Nikaingia. Dokta, muzungu mukubwa wa lopitali, akanionyesha kiti, akasema: «Ikala.» Miguu ilikuwa inaniuma tangu asubui. Nikaikala. Ni ile tu. Nikasema yote, bila kuogopa. Akakubali.

Nikatoka na kicheko. Ule mwenzangu mwenye kila siku alikuwa naniita yaya, kaka mukubwa, ile siku akaniita bwana.

«Bwana, kiti ilikuwa laini?»

«Amekubali! Sabuni itafika!»

«Tulikuona. Mulikuwa nazungumuza muzuri, bibi na bwana.»

Bengine bakacheka.

«Ndugu, miguu iliniuma.»

«Siye hatuna miguu?»

Sabuni ilifika. Mama-mukwe akatuma samaki ya kukauka toka Pweto, nikaileta saa sita, nikainama niweke mu besani. Bakaivuta kando.

«Pelekea mwenye kukupa kiti.»

Nikaila peke yangu nyuma ya buanderi, kwenye banafuliaka mashuka. Ku sendika bakachagula mwingine. Ule alikuwa nasimama.

Tangu pale, kila saa sita, nilikuwa nabaona ku robine ya mayi, bananawa na sabuni, povu mupaka ku kiwiko, banapitishiana na kutaniana. Kisha banazunguka besani. Mi njo nilikuwa nanawa mwisho. Sabuni nilikuwa naikuta ingali na mayi ya mikono yabo.