Picha ya Ukoo Mzima Iliyogoma Kasingirima

Saa nne asubuhi, ua wa studio ya picha ya Kasingirima, Ujiji, umejaa madera ya rangi moja na harufu ya udi. Ndani, mbele ya kompyuta, Shadia Hamdani ameuma kidole. Picha imekataa.

Ni picha ya harusi ya Mwasiti, aliyeolewa jana. Bibi yake, Bi Nasma, yuko Mwamgongo, kijiji cha ziwani. Mguu unamsumbua na boti haiwezi. Na kwa ukoo huu, biarusi haondoki kwao mpaka bibi amwone katikati ya nduguze na kumwombea dua. Gari la kumpeleka kwa mumewe, Kasulu, linaondoka saa nane mchana.

"Bibi ameshapewa simu ya jirani, anasubiri," anasema Shadia. "Anayemchelewesha biarusi ni mimi."

Shadia, mwenye miaka 29, ndiye fundi wa tovuti ya studio hii. Picha zikipandishwa, programu moja kwenye seva, kompyuta inayoiendesha tovuti, huzitengeneza zifunguke hata kwenye simu ndogo, na mtu aweze kukuza uso mmoja mmoja. Kazi nzuri, ila programu yenyewe ni mlafi. Mwaka jana ilipewa picha kubwa, ikala kumbukumbu yote ya seva, tovuti nzima ikazima.

"Ni kama jiko la shughuli," anaeleza. "Sufuria la pilau likikalia mafiga yote, hata chai haipati moto. Nikaiwekea kikomo: kula megabaiti 256, za wenzio usiguse."

Tangu hapo amani, mpaka ukoo wa Bi Nasma ulipokuja kupigwa picha.

Watu wengine wangepangwa mistari mitatu, yakaisha. Hawa, thubutu. Nani akae nyuma ya nani? Ukimweka shangazi nyuma, utalisikia hilo mpaka Idi. Basi wakasimama mstari mmoja, kutoka mlangoni hadi kisimani, na mpiga picha Dismasi akatembea nao akipiga vipande, kisha akaviunganisha. Seva ikaipima picha hiyo, ikaikataa.

Dismasi amejaribu kuipunguza kwenye kompyuta yake, nyuso zikawa punje za mchele. "Basi tukate pembeni," anashauri.

"Pembeni nipo mimi," anajibu shangazi wa biarusi, taratibu. Dismasi anarudi kufuta kamera yake.

"Si ukiondoe hicho kikomo, mwanangu?" shangazi anamgeukia Shadia.

"Siwezi, shangazi. Leo kuna harusi nyingine mbili zinaangaliwa humo, na wao wana bibi zao."

Anafikiri, kisha anaandika mistari miwili. Kikomo kinabaki palepale, ila sasa kumbukumbu ikijaa, kazi iliyobaki inahamia kwenye diski, ghala la seva. Diski ni nzito, lakini haimnyimi mtu.

"Mwenda pole hajikwai," anasema, na kuagiza chai.

Chai inaisha, ya pili inaletwa. Mwasiti hagusi kikombe. Anaitazama simu yake tu. Saa saba inagonga ndipo picha inamfikia bibi, na simu inalia.

"Nakuona, mjukuu wangu," inasema sauti ya Bi Nasma. Anawataja nduguze mmoja mmoja hadi kisimani, kisha anaomba dua. Ua mzima unaitikia amina, na mwandishi huyu naye aliitikia, macho yakiwa yamelowa.

"Na aliyeniletea picha yuko wapi?" bibi anauliza. "Simwoni."

"Mimi si wa ukoo, bibi," anajibu Shadia.

"Umenikutanisha na mjukuu wangu, halafu si wa ukoo? Haya, ipigwe tena."

Shadia anacheka mpaka anafuta machozi. Ana mpango, anasema, wa kuzihudumia studio za vijiji vya ziwani, ili harusi za huko nazo zionekane mjini. Hamalizi kueleza, Mwasiti amemshika mkono na kumvuta uani.

Gari linapiga honi. Mstari unapangwa upya, na Shadia anasimama mwisho kabisa, karibu na kisima, mahali pa mgeni, akihofia kukatwa pembeni.

Shangazi anamsogeza ubavuni pake. "Simama hapa," anamwambia. "Hapa hapakatwi."