Maji Matamu ya Fuko

Walimwita Fuko, maana tangu ujana kazi yake ilikuwa kuchimba visima. Alifika kwenye bonde moja na mkewe na mdogo wake, wakati hapakuwa na kitu ila miiba na nyoka. Akachimba, maji yakatoka matamu, mtu akinywa anajilamba. Habari za maji hazihitaji mpiga mbiu. Mwaka haujapinduka, nyumba zilishajipanga kando ya njia, vitunguu vimestawi, na malori yanapanga foleni kupakia. Likaja duka, ikaja shule, akaja hata kinyozi. Fuko alipenda kusema kwamba ukiona kinyozi, jua watu wameamua kukaa.

Kila aliyejiweza alitaka kisima chake na pampu yake, naye Fuko hakumkatalia mtu. Pampu zikavuta usiku na mchana, maji yakawa yanashuka chini zaidi kila mwaka.

Asubuhi moja mkewe alimwekea chai. Akapiga funda, akalitema.

"Mama watoto, umetia chumvi badala ya sukari?"

"Sijatia kitu. Sukari hiyo hapo mbele yako."

Akadhani anataniwa. Akaonja maji ya mtungi, akaenda kuonja ya kisimani, kisha ya jirani. Akaketi palepale chini, kata mkononi, kama mtu aliyeambiwa amefiwa lakini hajaambiwa na nani.

Baada ya hapo ardhi ilitoka weupe, utadhani pamemwagika unga, na vitunguu vikaungua kuanzia ncha. Malori yakaadimika. Kinyozi ndiye wa kwanza kufunga virago, wengine wakafuata, nyumba moja moja, wengi bila kuaga. Fuko akawa anasema mvua kubwa ikija chumvi itaoshwa. Mvua ikaja, ikapita.

Siku moja alisikia nyundo. Kutoka nje, akamwona mdogo wake juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, anang'oa mabati.

"Unafanya nini huko juu?"

"Nahama, kaka. Nilishindwa kukwambia."

"Tulikuja pamoja."

"Najua. Shemeji nilimwambia."

Fuko akageuka. Mkewe alikuwa mlangoni, na nyuma yake vyombo vyao vyote vimeshafungwa.

"Na wewe?"

"Nilikungoja useme wewe, baba watoto. Nimechoka kungoja."

Alichukua chepeo, akaanza kurudisha udongo kisimani, asije akatumbukia mbuzi au mtoto wa mtu. Mdogo wake akashuka, akashika jembe. Walifanya kazi mpaka mikono ikawafa ganzi, shimo halijafika hata nusu. Mwishowe wakalifunika kwa mabati ya paa na kuyagandamiza kwa mawe.

Siku hizi Fuko na mkewe wanakaa kwa binti yao mjini. Watu bado humwita awachimbie. Yeye huuliza kwanza hapo pana visima vingapi, na wakimwambia ni vingi, huaga akarudi nyumbani, wao wakabaki wakishangaa mzee kakasirishwa na nini.